Grouse wa kuoka, baa ya kijijini North Yorkshire: nyota 2 kati ya 5

Jina la baa silitaji, maana wahudumu walitupokea vizuri sana na moto wa kuni ulikuwa unawaka tangu tunaingia. Kilichoniudhi ni kile walichoniletea mezani.

Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Tanga, naishi Leeds mwaka wa tisa sasa. Siku nyingi nilitamani kuonja grouse, ndege wa porini wa jamii ya kwale, ambaye msimu wake wa kuwindwa hufunguliwa tarehe 12 Agosti. Aliletwa mzima, pamoja na mchuzi mzito wa maziwa na mkate, na viazi vilivyokatwa vyembamba vikakaangwa. Pauni 34. Kifua chekundu katikati, ladha inakaribia ini, na uchungu wa mbali wa majani. Aliyempika anaijua kazi yake. Tonge la tatu nikauma kitu kigumu: chembe ya risasi, ndogo kama punje ya uwatu.

Menyu inamwita “zao la asili la milima yetu”. Asubuhi ile ile tulikuwa tumeipanda hiyo milima. Vichaka vya heather vimechomwa viraka viraka ili grouse apate machipukizi laini. Juu ya kijito kimelazwa gogo kama daraja, na katikati yake, ndani ya kizimba cha waya, mtego wa chuma unamsubiri kicheche. Huo ni halali. Haramu ni kumuua hen harrier, ndege mbuai anayelindwa na sheria tangu 1954, kwa kosa la kula makinda ya grouse. Utafiti wa 2019 uliwafuatilia 58 waliofungwa vifaa vya setilaiti: asilimia 72 waliuawa kinyume cha sheria, au yaelekea sana waliuawa hivyo. Kwenye milima ya grouse, uwezekano wa kufa au kutoweka ulikuwa mara 10 zaidi kuliko kusiko na milima hiyo. Niliposoma hayo nililia, kweli.

Nikauliza ndege wangu ametoka shamba gani, yaani eneo gani la kuwindia. Jikoni hawakujua, huletewa na muuzaji. Uskoti ilipitisha sheria mwaka 2024, mwenye shamba la grouse awe na leseni, na anaweza kunyang’anywa. Huku England bado.

Mume wangu alikula mwanakondoo. Kwenye menyu hiyo hiyo, mwanakondoo ameandikiwa jina la shamba, la mfugaji na la kijiji. Grouse naye aandikiwe hivyo, nitarudi kumla.