Jambia la babu: tuliuze au tubaki nalo?

Jambia la marehemu babu, alilorithi kwa babu yake, limo sandukuni kwetu Mkomani, Lamu. Ala imezungushwa nyuzi za fedha, mbili zimekatika; kengee ina kutu karibu na mpini. Mdogo wangu anataka tuliuze.

Kuuza kuna pesa, na paa linavuja kweli. Lakini si jambo la kumpa mgeni aondoke nalo. Kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitolewi nchini bila kibali. Mpini nao uangaliwe mapema: ukiwa wa pembe ya kifaru, hata kuwa nao bila kibali ni kosa, sembuse kuuuza. Wetu ni wa mti, alhamdulillahi.

Kubaki nalo hakulishi mtu, na hewa ya chumvi inataka lifutwe na kupakwa mafuta kila mara. Ila baba alilivaa kiunoni siku ya harusi yake, nami yangu. Likitoka, mwanangu atavaa la kuazima. Paa nitaliziba kidogo kidogo. Mimi nasema libaki.