Euryops ya majani ya kijivu: uzoefu wangu tangu mche hadi kichaka

Nilinunua mche wa Euryops pectinatus, kichaka cha maua ya njano, kwa ajili ya sehemu ya bustani inayopigwa na jua kutwa, udongo wake changarawe tupu, mahali ambapo mimea mingi ya maua hunyong'onyea kabla hata ya kushika mizizi. Sasa ni kichaka kinachonifika kiunoni, na nikiambiwa nichague upya nitachukua hichohicho.

Mche wenyewe ulikuwa mzuri: shina imara, mizizi haijajisokota ndani ya mfuko, matumba machache juu. Kilichonikera ni kibandiko chake, kilichoagiza umwagiliwe kila siku. Ushauri huo unaua. Mmea huu asili yake ni miteremko ya mawe ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha msimu wa baridi na kiangazi ni kikavu. Mizizi ikikaa kwenye maji yaliyotuama huoza, na ukishaona majani yananyauka ilhali udongo umelowa, umeshachelewa. Nilimwagilia kwa wingi mche ulipokuwa mchanga. Ulipokwisha kushika, nikawa nangoja udongo wa juu ukauke kabisa ndipo nimwagilie tena.

Majani ndiyo yaliyonivutia kwanza. Yamechanwa pande zote mbili kama meno ya kitana, na yamefunikwa na vinyweleo laini vyeupe vinavyoyapa rangi ya kijivu. Vinyweleo hivyo si pambo tu, vinaukinga mmea na jua kali na kupunguza upotevu wa maji. Kuna aina nyingine iitwayo 'Viridis', yenye majani ya kijani yasiyo na vinyweleo. Inachanua vizuri vilevile, lakini kwangu mimi njano ya ua juu ya kijivu haina mfano.

Na maua! Kila moja husimama peke yake juu ya kikonyo kirefu chembamba, upana wake kama sentimita 5. Kwa kuwa ni wa familia ya alizeti, hicho tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua madogo mengi. Lisogelee uone: yale madogo ya katikati hayafunguki kwa pamoja, huanza ukingoni na kuelekea ndani, duara baada ya duara. Nyuki huzunguka wakifuata duara lililo wazi siku hiyo. Ndiyo maana ua moja hudumu muda mrefu.

Yaliyonyauka huwa nayakata pamoja na kikonyo chake, hapohapo matumba mapya yanaendelea kuja. Mbolea naitumia kwa uchache sana, mboji kidogo basi. Ukiujaza mmea huu samadi au mbolea yenye naitrojeni nyingi, utapata majani manene na maua ya kuhesabu.

Kasoro ipo, nayo ni ya kweli. Usipoupogoa, unarefuka, unakuwa na miguu mitupu chini, na matawi yanapasuka kwa upepo. Pogoa maua yanapopungua, lakini kata sehemu laini tu na uache majani kwenye kila tawi. Sehemu ngumu ya zamani ya tawi mara nyingi haichipui tena, kwa hiyo anayengoja kichaka kizeeke ndipo akikate hadi chini atabaki na kisiki. Vidukari nao hupenda matumba machanga. Mkondo wa maji wenye nguvu huwaondoa. Sakitu kali huuchoma, hivyo penye baridi ya namna hiyo ni afadhali uwe kwenye chungu kinachohamishika.

Kuzidisha ni rahisi. Huwa nakata vichipukizi visivyochanua, vilivyoanza kukomaa, urefu wa sentimita 8 hadi 10, nikaondoa majani ya chini na kuvichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mahali penye mwanga lakini si jua la moja kwa moja. Baada ya majuma kadhaa ukivuta taratibu unahisi vimeshika.

Mwenye eneo la kivuli asihangaike nao, kwa sababu bila jua la muda wa saa 6 hivi kwa siku utarefuka tu bila kuchanua. Ila kwa mwenye jua na udongo usiotuamisha maji, nunua, na kibandiko cha kumwagilia kila siku kitupe.