Bustani ya Forodhani, Zanzibar: ukarabati uliowaacha wenyeji mahali pao

Bustani ya Forodhani, iliyo mbele ya Ngome Kongwe, ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati ulioongozwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, nami naipendekeza kwa yeyote anayetaka kuona namna eneo la katikati ya mji linavyoweza kutengenezwa upya bila kuwafukuza wenyewe. Ukuta wa bahari ulikarabatiwa, njia na taa zikawekwa, lakini jua likizama wauzaji wa urojo, mishikaki, pweza na juisi ya miwa hupanga meza zao kama ilivyo desturi, huku vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani mbele ya wazee wanaobarizi. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa, kwani Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni makazi ya watu kabla ya kuwa kivutio cha watalii. Urojo ni mtamu kweli. Kasoro ni kwamba meza nyingi hazina bei zilizoandikwa, na mgeni huweza kutozwa zaidi ya mwenyeji. Ni vyema kuuliza bei kabla ya kuagiza.