Tahadhari: mashine ya CNC ya kijani iliyouzwa, ikarejeshwa, kisha ikauzwa tena

Ndugu mafundi, hasa ninyi mlio na karakana ndogo nyumbani na mnaotafuta mashine kubwa kuliko mliyo nayo, nawatahadharisha kuhusu muuzaji wa mashine za CNC, yaani mashine za kuchongea chuma zinazoongozwa na kompyuta, ambaye huwaonyesha wateja bidhaa zake katika ghala moja karibu na Barabara ya Lunga Lunga, Eneo la Viwanda, Nairobi. Sitamtaja kwa jina kwa sababu nimekwisha kuwasilisha dai dhidi yake mahakamani, lakini mashine yenyewe nitaieleza kiasi kwamba atakayekutana nayo aitambue.

Kwa miaka mitatu nimefanya kazi katika gereji ya nyumba yangu Kahawa West nikitumia mashine ndogo ya aina ya 3018, ambayo eneo lake la kuchonga ni takriban milimita 300 kwa 180. Inatosha kwa vibao vya majina vya mbao na plastiki. Wateja wa kalibu za aluminiamu za kufinyangia sabuni walipoanza kuja, mashine hiyo ikawa inatetemeka na kuacha uso wenye mawimbi, nami nikaanza kuweka akiba ya kununua kubwa.

Tangazo lilisema mashine ni ya chuma cha kumimina, ina skrubu za golori (zinazosogeza meza kwa kuviringisha golori, hivyo hazina ulegevu mwingi) kwenye mihimili yote mitatu, yaani pande tatu ambazo mashine husogea, na inatumia umeme wa kawaida wa fezi moja, volti 240. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivuta, kwa kuwa mashine nyingi za viwandani zinazouzwa mitumba hapa zinahitaji fezi tatu, na kuvuta umeme wa volti 415 hadi kwenye gereji ya nyumbani ni gharama ya peke yake. Kuhusu umeme muuzaji hakudanganya. Nadhani ni mazoea yake kusema kweli mahali ambapo mnunuzi angegundua uongo papo hapo.

Nilipofika ghalani niliikuta mashine imewashwa, meza ikienda na kurudi kwa ulaini, spindo, yaani sehemu inayoshika kisu, ikizunguka, na namba zikibadilika kwenye skrini ya kompyuta. Nilipoomba ichonge kipande cha aluminiamu nilichokuja nacho, niliambiwa visu vimekwisha na maji ya kupoozea hayajaletwa. Nilipotaka kufunua mikunjo ya mpira inayofunika skrubu, nikaonyeshwa vibandiko vyekundu juu ya vichwa vya boliti, nikaelezwa kwamba kibandiko kikivunjika dhamana ya miezi sita inapotea. Wakati huo nilikiona kibandiko hicho kuwa dalili ya biashara yenye utaratibu. Geji yangu ya saa, chombo chenye sindano kinachopima msogeo mdogo sana na ambacho kingemaliza udanganyifu wote kwa dakika mbili, ilikuwa nyumbani kwenye droo.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi 430,000. Nililipa kwa M-Pesa kwa mikupuo miwili, 250,000 kisha 180,000, kwa kuwa muamala mmoja hauruhusiwi kuzidi 250,000, na pesa hizo zilikwenda kwenye namba ya mtu binafsi ambayo jina lake halikufanana na lile lililochapishwa kwenye risiti. Niliuliza, nikajibiwa kwamba namba ya malipo ya kampuni ina hitilafu siku hiyo. Ankara ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA, niliahidiwa kutumiwa jioni. Hadi leo sijaipata. Nilipotafuta baadaye jina la kampuni katika huduma ya usajili wa biashara kupitia eCitizen, halikuwemo.

Kalibu ya kwanza niliyochonga ilitoka ikiwa na kasoro ambayo wenye uzoefu wataitambua: duara lililopaswa kuwa la milimita 50 lilikuwa na vidato vinne, kimoja katika kila sehemu ambapo mhimili mmoja hubadilisha mwelekeo. Nilifunga geji ya saa dhidi ya meza, nikaiamuru meza isogee milimita 10 upande mmoja kisha irudi kidogo kidogo, na sindano ya geji haikutikisika hata mara moja hadi skrini iliposema meza imekwisha kurudi milimita 0.38; huo ndio ulegevu, yaani skrubu huzunguka bure kabla ya kuisogeza meza. Hapo nikavunja vile vibandiko. Chini ya mikunjo hapakuwa na golori yoyote. Palikuwa na skrubu za kawaida na nati za shaba nyeupe zilizolika, zikiwa zimepakwa grisi nyingi mpya ili zisipige kelele.

Ningeweza kuamini kwamba muuzaji naye alidanganywa na aliyemuuzia, lakini Mach3, programu ya kuiongoza mashine iliyokuwa kwenye kompyuta ya mashine hiyo ina ukurasa wa mipangilio ambapo mtu huandika kiasi cha ulegevu wa kila mhimili, ili kompyuta iongeze hatua za mota kila meza inapogeuza mwelekeo. Kwenye mhimili wa X paliandikwa 0.35, na kwenye Y 0.30, ila kisanduku cha kuuwasha mpangilio kilikuwa kimezimwa. Mtu hapati namba hizo bila kupima. Hata ningeuwasha, fidia hiyo husaidia meza ifike mahali inapotakiwa tu. Haiwezi kuishikilia meza kisu kinapouma chuma na kuivuta ndani ya ulegevu uleule.

Nilipompigia simu hakugombana nami. Kwanza alitaka shilingi 65,000 za kuagiza skrubu za golori, nami, nakiri, nilikaribia kutuma. Nilipositasita akasema kwamba kwa kuwa mimi ni mteja wake mzuri yuko tayari kuichukua mashine kwa shilingi 120,000 na kunipunguzia usumbufu. Kwa nini aitake tena mashine mbovu? Jibu nikalipata Kariobangi Light Industries kwa fundi mmoja mzee wa mashine za kukereza, niliyekwenda kumuuliza bei ya nati mpya. Alitazama picha kwenye simu yangu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kwenye kona ya kushoto ya meza kuna matundu matatu ya keekee yaliyopangana karibu karibu. Yapo. Aliyatoboa mwenyewe kwa bahati mbaya, mashine ilipokuwa yake, wakati huo ikiwa ya kijivu, kabla hajaichoka na kumrudishia muuzaji yuleyule kwa shilingi 100,000. Nilikwaruza rangi ya kijani nyuma ya nguzo, na kijivu kikaonekana.

Kwa hiyo mkiona tangazo la mashine yenye matundu hayo, fahamuni kwamba iko gerejini kwangu na siiuzi. Nasema hivi kwa sababu wiki iliyopita picha zake zilitokea tena katika tangazo jipya, bei ikiwa 450,000, na mtu anayeombwa arabuni kwa tangazo hilo hana mashine ya kuisubiri. Na kwa mashine nyingine yoyote ya muuzaji huyu, au ya mwingine anayefanana naye, nendeni na geji ya saa, mpime katikati ya meza na pia kwenye ncha, kwa kuwa skrubu hulika zaidi sehemu ya katikati inayotumika sana, kisha mdai lichongwe duara kwenye kipande chenu wenyewe na mlipime kwa venia, kipimio cha kubana chenye usahihi wa sehemu ndogo za milimita. Akikataa kufunua mikunjo, ondokeni hata kama mmetoka mbali.

Nimeandikisha taarifa polisi na kupewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na dai langu liko katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na haimlazimu mtu kuwa na wakili. Msingi wa dai ni kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na tangazo la skrubu za golori nimelihifadhi pamoja na tarehe yake. Fundi wa Kariobangi amekubali kutoa ushahidi. Ikiwa kuna mwingine aliyewahi kuimiliki mashine hii, iwe ya kijani, ya kijivu au ya rangi nyingine iliyotangulia, namsihi asifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo yake na muuzaji, na aniarifu hapa kabla kesi haijatajwa.