Makumbusho ya Afrika, Tervuren: majina yanayongoja jua

Ukipanda tramu namba 44 kutoka Brussels, ukaukata msitu hadi kituo cha mwisho, utafika Tervuren, kwenye makumbusho ambayo kwa zaidi ya miaka 100 yamewafundisha Wabelgiji Mwafrika ni nani. Nilikwenda na binti yangu wa miaka 11, aliyezaliwa huku na anayeijua Kigoma kwa picha za simu tu, nikitaka kuona kama ukarabati uliokamilika Desemba 2018, baada ya milango kufungwa miaka mitano, umelibadilisha somo hilo.

Mtumbwi wa mti mmoja, wenye urefu wa zaidi ya mita 22, ulimfurahisha sana. Furaha ikaisha kwenye chumba cha chini yalikowekwa masanamu ambayo makumbusho yenyewe yanakiri kwamba hayafai tena kuonyeshwa kama zamani. Miongoni mwao yumo Mtu-Chui, aliyetengenezwa mwaka 1913 na Paul Wissaert: amejifunika vazi la madoadoa, ana kucha za chuma, naye amemwinamia mtu aliyelala. Maelezo ya ukutani ni ya haki na yameandikwa kwa uangalifu, lakini mtoto huona kucha kabla ya kusoma neno lolote. Wangu hakuuliza habari za sanamu. Aliuliza kama wenzake wa darasani wameshaletwa hapa. Mchoro wa Chéri Samba, mchoraji wa Kongo, unaoonyesha Waafrika wakiliburuta sanamu hilohilo nje ya jengo huku Wazungu wakilivuta kulirudisha, ulimjibu kuliko nilivyoweza mimi.

Kwenye ukumbi wa kuba, masanamu ya rangi ya dhahabu yanayoisifu Ubelgiji kwa kuipelekea Kongo ustaarabu bado yamo ukutani, kwa kuwa jengo linalindwa kisheria. Msanii wa Kongo, Aimé Mpane, amewekewa hapo kazi zake mbili. Moja ni fuvu linalomkumbuka Lusinga, mtawala wa ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, aliyeuawa mwaka 1884 na kikosi kilichotumwa na afisa Mbelgiji, Émile Storms, na kichwa chake kikachukuliwa hadi Ubelgiji. Kwangu mimi, hapa ndipo makumbusho yanapojibu kwa umbo kile kilichosemwa kwa umbo, na laiti yangefanya hivyo kila chumba.

Kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo. Msanii mwingine wa Kongo, Freddy Tsimba, ameandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo saba waliofariki mwaka 1897, walipoletwa pamoja na wenzao 260 kuonyeshwa kwa watazamaji katika vijiji vya kuigiza, ili jua likiwaka vivuli vya majina hayo viangukie juu ya yale ya Wabelgiji. Ni wazo zuri mno, ila siku hiyo kulikuwa na mawingu, na mawingu Ubelgiji si jambo la ajabu, hivyo tukaona yale 1,508 peke yake.

Nashauri uende, ila si Jumatatu, maana hufungwa, na usimwache mtoto atangulie peke yake kule chini. Ukitoka, nenda hadi kanisa la mjini. Makaburi ya wale saba yamo pembeni mwake, na majina yamechongwa kwenye mawe: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Binti yangu aliyasoma kwa sauti, akanisahihisha nilipokosea moja.