Programu ya lishe shuleni: bustani safi, duka bado tatizo

Programu hii ya lishe, inayoendeshwa na shule ya binti yangu pamoja na wazazi wa mtaani, naipa nyota nne. Kilichonivutia zaidi ni bustani. Watoto wanapanda karoti wenyewe, wanazing'oa, wanaziosha na kuzitafuna papo hapo, udongo bado kuchani. Binti yangu, aliyekuwa akichambua kila kipande cha karoti na kukisogeza pembeni ya sahani, siku hizi ananigombeza nikizimenya nene mno.

Walimu hawamlazimishi mtu kumaliza sahani. Chakula kipya kinaletwa kidogo kidogo, tena na tena, kwa sababu mtoto huweza kuhitaji kukionja mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. (Wengi wetu nyumbani hukata tamaa mapema mno.) Kwenye kikao cha wazazi tulionyeshwa pia pendekezo la Shirika la Afya Duniani: mtoto wa miaka 6 hadi 9 ale angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku. Zilipowekwa kwenye mizani, ukumbi mzima uliguna.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya duka la shule. Darasani mtoto anafundishwa sukari isizidi asilimia 10 ya nishati anayokula. Kengele ikilia, anakuta soda na peremende zimepangwa usawa wa macho yake. Tumeuliza, tukajibiwa mkataba wa mwenye duka haujaisha. Bomba la maji ya kunywa nalo liko nyuma ya jengo la mwisho.