Nakala ya soga za WhatsApp: kuhifadhi ni rahisi, mtego uko kwenye kurejesha

Wengi huanza kuitafuta sehemu ya WhatsApp ya nakala za soga (backup) simu ikishaibwa, ikishaingia maji au kioo kikishakufa. Kwa wakati huo nakala ama ipo mahali pake ama haipo, na hakuna wa kumpigia simu. Meseji ikishamfikia mpokeaji huondolewa kwenye seva za WhatsApp, kwa hiyo historia ya soga zako inaishi ndani ya simu na ndani ya nakala ulizotunza, basi.

Kwa Android, nakala ni mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza hukaa ndani ya simu yenyewe: programu huitengeneza kila siku saa nane usiku na kubakiza za hadi siku 7. Haihitaji intaneti wala akaunti yoyote, ila simu ikipotea nayo imepotea. Ya pili hupandishwa kwenye akaunti ya Google, na hii ndiyo ya kukuokoa. Iko chini ya Mipangilio, kisha Soga, kisha sehemu ya nakala ya soga, ambako unachagua iwe kila siku, kila wiki, kila mwezi, unapobonyeza mwenyewe au isiwepo kabisa. Chagua kila siku, kupitia Wi-Fi pekee kama bando lako ni dogo. Upande huu wa kuhifadhi naupa alama za juu. Ukishauweka sawa, unajiendesha wenyewe.

Tatizo ni kurejesha. Ukisakinisha WhatsApp kwenye simu mpya na kuthibitisha namba, programu hutafuta nakala na kukuuliza mara moja tu kama unataka kuirejesha. Skrini hiyo huja katikati ya mfululizo wa ruhusa na maswali ambayo mtu mwenye haraka huyapitisha bila kusoma. Ukibonyeza kuruka unaingia kwenye programu tupu, na ukipekua mipangilio yote hutakuta kitufe cha kurudi kwenye swali lile. Kinachoniudhi zaidi ni hiki: nakala ya Google huandikwa juu ya ile iliyotangulia, na ya zamani hairudishwi. Ukiwasha nakala ya kila siku kwenye programu ile tupu, usiku huohuo soga zako za miaka zinaweza kufunikwa na nakala yenye meseji tatu. Swali lenye uzito huo lilistahili kuulizwa mara mbili, na lilistahili kubaki kwenye mipangilio angalau kwa wiki moja. Huu ni udhaifu wa usanifu, usimlaumu mtumiaji.

Kama umeshairuka skrini hiyo, usianze kuchati. Nenda kwenye sehemu ya nakala ya soga uzime nakala ya kiotomatiki ya Google, kisha futa programu, isakinishe upya, thibitisha namba, na safari hii usubiri skrini ya kurejesha uikubali. Meseji hurudi kwanza, picha na video hufuata taratibu chinichini, kwa hiyo picha zenye ukungu katika saa za mwanzo zisikutie hofu.

Programu ikisema haijapata nakala yoyote, sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili: namba si ile iliyotengeneza nakala, au simu imeingizwa akaunti nyingine ya Google. Hii ya pili ndiyo ya kawaida zaidi, maana siku hizi simu moja huwa na akaunti mbili tatu, na mtu anayefunguliwa simu mpya dukani hutengenezewa anwani nyingine papo hapo. Kabla hujaiacha simu ya zamani, fungua sehemu ya nakala na usome vitu viwili: anwani ya akaunti na tarehe ya nakala ya mwisho. Viandike. Hakikisha pia unaikumbuka PIN yako ya tarakimu 6 kama uliwasha uthibitishaji wa hatua mbili, kwa sababu huulizwa kabla hujafika kwenye kurejesha. Ukiisahau na hukuweka barua pepe ya kuiokoa, unasubiri siku 7.

Tarehe ile ya mwisho ina maana kubwa kuliko zamani. Kwa miaka kadhaa nakala za WhatsApp kwenye Android hazikuhesabiwa kwenye nafasi ya Google. Tangu 2024 zinahesabiwa, ndani ya GB 15 zilezile za bure zinazobeba Gmail na picha zako. Nafasi ikijaa nakala husimama, na mtu asiyefungua mipangilio anaweza kukaa miezi bila kujua. Kwenye iPhone hali ni ya kubana zaidi, kwani iCloud hutoa GB 5 tu bila malipo. Dawa ya kwanza ni kuzima video kwenye nakala; hapo ndipo uzito ulipo, meseji za maandishi hazichukui nafasi ya maana. Dawa ya pili iko Mipangilio, Hifadhi na data, kisha sehemu ya kudhibiti hifadhi: utakuta mafaili yanayozidi MB 5 yamekusanywa pamoja, na yale yaliyosambazwa mara nyingi yametengwa peke yake. Anza na hayo yaliyosambazwa, ndiyo yenye takataka nyingi. Sehemu hii imetengenezwa vizuri sana, na inasikitisha kwamba imefichwa mbali na ukurasa wa nakala ambako mtu ndiko anakoihitaji.

Tangu Oktoba 2021 kuna pia usimbaji wa nakala, yaani kuifunga ili asiye na ufunguo asiweze kuisoma. Haujawashwa mpaka uuwashe mwenyewe. Unachagua nywila yako au ufunguo wa tarakimu 64, na matoleo mapya huruhusu kutumia alama ya kidole au uso. Ukiuwasha, si Google, si Apple wala WhatsApp wanaoweza kuisoma nakala yako. Na ukipoteza nywila hakuna kati yao anayeweza kukufungulia. Ushauri wangu ni kutumia nywila na kuiandika kwenye karatasi inayokaa nyumbani. Ufunguo wa tarakimu 64 mwachie anayetunza nywila zake kwa utaratibu. Watu huupiga picha ya skrini kisha picha hiyo inabaki kwenye simu ileile, na simu ikiibwa ufunguo umekwenda nayo.

Kama simu zote mbili zinafanya kazi, achana na Google kabisa. Njia ya kuhamisha soga moja kwa moja, iliyoletwa 2023, ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Washa Wi-Fi kwenye simu zote na uziweke karibu. Kwenye ya zamani ingia Mipangilio, Soga, kisha kuhamisha soga. Kwenye mpya thibitisha namba na ukubali kuhamisha. Halafu ya zamani isome msimbo wa QR ulioko kwenye ile mpya. Data haipiti kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, kwa hiyo ukubwa wa hifadhi yako ya Google haujalishi. Masharti ni kwamba zote ziwe Android au zote ziwe iPhone, na zichajiwe vya kutosha kabla ya kuanza. Kutoka Android kwenda iPhone hutumika programu ya Apple ya kuhamia iOS, na iPhone hiyo lazima iwe mpya au imefutwa upya. Anayegundua hilo baada ya wiki ya kuitumia hukuta kazi mara mbili.

Kwa aliyebaki na nakala ya ndani ya simu tu, bado kuna njia. Fungua folda ya Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, na uinakili yote kwenye kompyuta kabla hujafuta chochote. Ndani ya Databases utaona faili kuu linaloitwa msgstore.db.crypt14 au crypt15, na mengine yenye tarehe, kwa mfano msgstore-2025-03-04.1.db.crypt14. Ukitaka ya tarehe fulani, ondoa faili kuu, kisha lipe lile la tarehe jina msgstore.db.crypt14. Tarakimu za mwisho baada ya neno crypt zisiguswe: faili la crypt15 libaki crypt15, vinginevyo programu haitalisoma. Rudisha folda mahali pake kwenye simu, sakinisha WhatsApp, thibitisha namba ileile, na skrini ya kurejesha itatokea ikitaja nakala iliyopatikana.